Nilivyozisoma methili kwa chupa ya chai na kichwa cha mbuzi

Nianze na ushauri, maana ndio ulionilia miezi miwili. "Wewe fanya bisalfaiti tu, itakuonyesha kila kitu." Bisalfaiti ni dawa ya kusomea methili, alama ndogo za kikemikali zinazobandikwa kwenye DNA. Aliyeniambia hivyo ni kaka mmoja wa maabara yetu hapa Kampala, tuliyezoea kumwita Daktari kabla hata hajamaliza shahada. Alisema huku anatafuna roleksi, ile ya chapati na mayai, si saa, wala hakunigeukia. Nami mtoto wa kambini, niliyelelewa Jinja kwa "ndiyo afande", nikatii.

Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa ndogo. Katika DNA ya mamalia, herufi C inayofuatwa na G mara nyingi huwa imebandikwa kundi la methili. Asilimia 70 hadi 80 ya C za namna hiyo zinalo. Likikaa pale pa kuwashia jeni, kwa kawaida jeni hunyamaza. Nilitaka kuona linavyofutwa.

Mama mdogo, ninayeishi kwake Kawempe, alinisikia kwenye simu nikisema methili zimefutika. Akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Methali zimefutwa na nani? Serikali?" Ikabidi nikae nimweleze, na mpaka leo sijapata maelezo mazuri kuliko niliyomtungia pale karibu na sigiri.

Mama, nilimwambia, kumbuka ulivyokuwa ukinakili daftari la mwenzako. Maneno unayanakili yote, lakini tiki nyekundu za mwalimu unaziacha. Seli nayo inapodurufu DNA ni hivyohivyo: uzi mpya unatoka na herufi zote, tiki hamna. Ila kila uzi mpya unalala ubavuni mwa uzi wa zamani wenye tiki zake, na kwa kuwa CG ukiisoma upande wa pili ni CG tena, kila tiki ya zamani inatazamana na mahali pa tiki mpya. Sasa kuna protini inaitwa UHRF1. Huyo ndiye monita. Anapita nyuma ya wanaonakili, akikuta upande mmoja una tiki na wa pili hauna, anamwita mwalimu, kimeng'enya DNMT1, aje aiweke. Wapo walimu wengine wawili, DNMT3A na DNMT3B, ambao wao hutia tiki hata palipokuwa patupu. Wazo la kwamba alama hunakiliwa kwa kutazama uzi wa zamani lilitolewa mwaka 1975, na Holliday na Pugh Uingereza, na Riggs Marekani, kila upande kivyake, mwalimu mwenyewe akiwa bado hajakamatwa.

"Na kufuta?"

Njia mbili. Ya kwanza ni uvivu: mwalimu haji, seli inaendelea kugawanyika, tiki zinapungua nusu kwa nusu. Ya pili ni jasho: vimeng'enya vya TET, ambavyo havifanyi kazi bila madini ya chuma na oksijeni, vinaioksidisha methili hatua kwa hatua. Inakuwa haidroksimethili, halafu fomili, halafu kaboksili. Ikifika hizo mbili za mwisho, kimeng'enya kingine, TDG, kinaing'oa herufi, na mafundi wa kukarabati DNA wanaweka C tupu mahali pake.

Mama mdogo akasema kwa jinsi anavyonifahamu, mimi ni wa njia ya kwanza.

Ndiyo sababu nilitaka ubongo. Neva za mnyama mzima hazigawanyiki, kwa hiyo uvivu hauzifuti methili zake hata ungojee miaka. Kikifutika kitu humo, TET wamefanya kazi. Na ubongo wa bei nafuu kuliko yote mjini uko bucha.

"Hajji, naomba kichwa cha mbuzi, lakini panga lisiguse ubongo."

Hajji alinitazama kama mtu aliyeomba samaki asiye na maji. Vichwa kwake hupasuliwa katikati kwa shoka, pigo moja. Tukakubaliana apasue pembeni, polepole, akawa anauliza kama nimetumwa na mganga. Nililipa elfu kumi na kitu, na damu ya mbuzi huyohuyo akanipa bure kwenye chupa ya maji. Barafu nilipata kwa muuza samaki. Kasoro pekee ya zoezi lile ilikuwa boda aliyenibeba. Alipojua kilichomo kwenye kavera, mfuko wa plastiki, aliongeza nauli.

DNA nikaitoa kwenye ubongo na kwenye damu, ili nilinganishe.

Sasa bisalfaiti. Njia hii ya kusoma methili ilichapishwa mwaka 1992 na Frommer na wenzake Australia, na ni nzuri kweli: dawa inageuza C tupu kuwa U, ambayo PCR, mashine ya kuzalisha nakala za DNA, huisoma kama T, lakini C yenye methili inabaki C. Vifurushi vilivyo tayari vinauzwa, wakati ule milioni moja na ushee ukiweka na usafiri. Mimi nilichanganya yangu. Ukichanganya, changanya siku hiyohiyo, hewa huiharibu, na fungua dirisha maana inanuka kiberiti. Kisha inataka kukaa gizani kwenye nyuzi 50 na kitu, usiku kucha.

Usiku wa kwanza nilitumia mashine ya PCR. Umeme ulikatika saa mbili, jenereta ikakohoa mara mbili ikanyamaza, haikuwa na dizeli. Asubuhi tyubu zangu zilikuwa baridi kama soda. Badala ya kuzitupa nikaendelea, na majibu yaliporudi kutoka nje yalijaa C. Nilishangilia! Nilimpigia hadi mama Jinja. Mzee wa maabara akatazama karatasi, akauliza swali moja: "Hata hizi C zisizofuatwa na G, kwenye damu, nazo zina methili?" Nikaelewa: C za namna hiyo kwenye damu zilipaswa kuwa tupu, zisomeke T. Dawa haikufanya kazi, basi. Sikuwa nimegundua mbuzi wa ajabu, nilikuwa nimegundua kukatika kwa umeme.

Ndipo nikaitazama chupa ya chai ya mama mdogo.

Nilianza kuipima kwanza bila tyubu. Maji ya nyuzi 57, jaza mpaka mdomoni kwa sababu hewa ikibaki ndani joto linakimbia, funga, vika sweta. Baada ya saa tano: 52. Nilicheka peke yangu. Tyubu ndogo zinaelea, hivyo nilizitia ndani ya kavera mbili, nikatoa hewa, nikafunga kwa uzi kwenye kijiko cha chai kizito, kikazama nazo. Giza lililotakiwa lilikuwemo bure. Saa sita usiku niliamka, nikamwaga nusu, nikajaza maji ya moto kwa kupimapima, nikalala tena. Alfajiri kipimajoto kilisoma 51. Umeme usiku ule ulikatika tena na sikuwa na habari.

Safari hii niliweka na tyubu ya majaribio. Huu ujanja ni wangu, na kama kuna aliyenitangulia asiniambie. Chukua kipande cha DNA ya mbuzi, ukizalishe kwa PCR. Mashine inanakili herufi tu, haina monita wala mwalimu, kwa hiyo kinachotoka hakina methili hata moja. Kitie kwenye dawa pamoja na vingine. Ikibaki C yoyote humo, dawa imelala. Yangu ilitoka T tupu.

Majibu ya ubongo na ya damu yakaja, na yakafanana kama mapacha. Pale nilipopachagua, C zenye methili kwenye damu, zenye methili kwenye ubongo. Daktari akanipiga bega. "TET wamelala, ndugu yangu. Andika hivyo, uhitimu." Nilikuwa nimeshaanza kuandika.

Kilichoniokoa ni kusoma kitu nilichopaswa kusoma kabla ya kwenda kwa Hajji. Bisalfaiti haiwezi kutofautisha methili na haidroksimethili. Zote mbili inaziacha zisomeke C. Fomili na kaboksili ndizo zinazosomeka T, kana kwamba C ilikuwa tupu. Yaani mtu anayetafuta ufutaji amepewa miwani isiyoona hatua ya kwanza ya ufutaji! Na haidroksimethili si kitu cha kutafuta kwa tochi ubongoni: mwaka 2009 Kriaucionis na Heintz waliikuta kwa wingi kwenye neva za panya, mwaka uleule kundi la Rao lilipoonyesha kwamba TET1 ndiye anayeitengeneza. Daktari alikuwa ameiona karatasi hiyo. Nilimuuliza. Alisema alidhani najua.

Dawa ya tatizo ilikuwa sukari. Kuna virusi wa bakteria, T4, ambaye DNA yake ina haidroksimethili na huifunika kwa glukosi ili asikatwekatwe na bakteria. Kimeng'enya chake kinauzwa. Kwenye DNA ya mbuzi kinabandika glukosi juu ya haidroksimethili na kuiacha methili ya kawaida. Halafu unaleta mkasi uitwao MspI, unaokata CCGG. Huo hata methili ikiwa kwenye C ya ndani unakata, haidroksimethili unakata, lakini ukikuta glukosi unashindwa. Kwa hiyo fanya PCR kuvuka pale: uzi usiokatwa tu ndio unaozaa nakala, nazo huonekana kama mstari kwenye jeli ya kupimia. Ukiuona mstari, palikuwa na haidroksimethili.

Mara ya kwanza kila mahali palitoka mstari, hata kwa tyubu zisizo na sukari, kwa sababu mkasi ulikuwa umekufa friza ilipozimika. Nikanunua mwingine. Niliuhifadhi kwa Mama mdogo, kwenye friji yake, pembeni mwa samaki.

Mara ya pili damu haikuonyesha kitu, pamoja na sukari yake. Ubongo bila sukari, hakuna. Ubongo wenye sukari, mstari. Haukuwa mnene, lakini hata Daktari aliuona bila kuonyeshwa.

Mzee alikaa nao muda mrefu kwenye mwanga. "Vizuri. Umeona mlango uko nusu wazi. Hujaona mtu akitoka." Yuko sahihi: kwenye neva haidroksimethili inaweza kubaki hivyo muda mrefu bila kufika kwa TDG, na wapo wanaoiona kuwa alama inayojitegemea. Nikabadilisha kichwa cha tasnifu siku ileile, neno moja tu.

Chupa niliirudisha nimeiosha mara tatu, ingawa ndani mlikuwa na maji matupu. Mama mdogo akainusa, akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja. Sasa iko maabara, ina karatasi ya gundi imeandikwa "SI YA CHAI", na wiki iliyopita nilimkuta Daktari anaivika sweta.