Noti zimeruka, sauti ni ileile

Jana usiku nilikuwa nanakili sehemu ya chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, kwenye MuseScore, programu ya kuandika noti za muziki. Kwa mazoea nikaanza na ufunguo wa G (ufunguo ni alama ya mwanzo inayoonyesha kila mstari ni noti gani), na ukurasa ukajaa vijistari vya ziada chini ya mistari mitano. Kuusoma ni mateso!

Basi nikauburuta ufunguo wa F hadi baa ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha wimbo kati ya mistari wima. Noti zote zikahama kwa mkupuo, nami nikashtuka, nikadhani nimeharibu kazi ya saa mbili. Nikabonyeza kucheza: wimbo uleule. Kumbe programu haigusi sauti, inabadilisha mahali pa kuiandika tu. C ya kati, ile iliyo karibu na katikati ya kinanda cha piano, hukaa kwenye kijistari kimoja chini ya mistari katika ufunguo wa G, na kimoja juu yake katika ufunguo wa F. Kuhamisha wimbo juu au chini ni amri nyingine kabisa, na mimi miaka yote nilizichanganya.

Halafu nikaudondosha ufunguo mwingine juu ya noti badala ya baa. Ukajipachika katikati ya baa, mdogo, kama mgeni asiyealikwa. Nikaubofya, nikafuta.

Chelo sasa inasomeka. Viola, ndugu mdogo wa chelo, na ufunguo wake wa C, kesho.