Rais wa Mwaka Mmoja, Makatibu wa Miaka Mingi

Museums Association ya Uingereza iliundwa York mwaka 1889, na hakuna chama cha kitaaluma cha makumbusho kilichoitangulia duniani. Wengi wakiieleza historia yake huanza na marais. Orodha yenyewe inavutia: Henry Higgins, kasisi na mwanaelimu-viumbe, aliongoza mkutano wa kwanza Liverpool mwaka 1890. Akafuata John Willis Clark mjini Cambridge, 1891. William Boyd Dawkins, Manchester, 1892. Sir William Flower, London, 1893. Na Valentine Ball, Dublin, 1894. Isome tena orodha hiyo, safari hii ukitazama miji. Mkutano ulihama kila mwaka, na urais ukampata mtu mzito wa mji mwenyeji.

Utaratibu huo ulikuwa na akili. Mwenyeji alitoa ukumbi na kufungua makumbusho yake, na wageni wakaona kwa macho yao kabati za vioo, mwanga, vibandiko na ghala la nyuma. Msimamizi wa makumbusho ndogo ya mkoani, ambaye huenda hakuwa na mwenzake wa fani mji mzima, alijifunza mengi kwa kukagua bawaba ya kabati kuliko kwa kusikiliza hotuba. Halmashauri ya mji nayo iliona kwamba makumbusho yake yana uzito.

Udhaifu wake ulikuwa wazi pia. Rais wa mwaka mmoja huja na jambo lake moyoni, na anayempokea huja na lake. Azimio lisipokuwa na mtu wa kulifuatilia baada ya mkutano, linabaki kwenye kumbukumbu za kikao tu. Ndiyo maana mimi naona uongozi halisi wa chama hiki katika miaka yake ya mwanzo ulikuwa mikononi mwa makatibu wawili: H. M. Platnauer wa Yorkshire Museum, York, na Elijah Howarth wa Weston Park Museum, Sheffield. Wote wawili walikuwa na makumbusho za kuendesha, na kazi ya chama iliongezwa juu ya hiyo. Barua, ada, ratiba, uhariri wa taarifa ya mkutano: vyote hivyo vilihitaji mtu anayekumbuka kilichosemwa mwaka juzi.

Malengo ya chama yalikuwa ya kazi hasa: kubadilishana vielelezo vya ziada, kupata nakala za plasta, kukubaliana namna ya kupanga mikusanyo ya viumbe, kupeleka masanduku ya vielelezo shuleni, kuwa na fahirisi ya vilivyomo katika makumbusho zote, na kutoa jarida.

Kubadilishana ziada kunasikika rahisi, lakini jaribu uone. Makumbusho A ina kombe 40 za baharini za aina moja, B haina hata moja. Kabla ya kutuma chochote, A lazima ijue ina nini, maana yake orodha kamili. Kisha kila kombe liwe na jina, mahali lilipookotwa, tarehe na aliyeliokota. Kombe lisilo na mahali halina thamani kwa mtafiti, hata likiwa zuri kiasi gani. Tena kilicho "ziada" kwa msimamizi wa leo huenda ndicho kinachoonyesha tofauti ndani ya spishi moja, na ukishakitoa hukirudishi.

Hapo ndipo hoja ya Flower inapoingia. Yeye, akiwa mkurugenzi wa makumbusho ya viumbe ya South Kensington, London, alishikilia kwamba mkusanyo wa utafiti utenganishwe na maonyesho ya umma. Mtafiti apewe vielelezo vingi kwenye droo. Mgeni apewe vichache vilivyochaguliwa, vyenye nafasi na maelezo yanayosomeka. Kati ya marais wote wa mwanzo, naona yeye ndiye fikra yake ingali ikitumika kila siku.

Ushahidi kuhusu makatibu uko kwenye tarehe. Jarida lilitajwa tangu mwanzo, lakini Museums Journal ilitoka mwaka 1901, na mhariri wake alikuwa Howarth. Mwaka 1911, Howarth na Platnauer walichapisha pamoja orodha ya makumbusho za Uingereza na Ireland, ikiwa na sehemu ya India na makoloni. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita tangu York, na majina yalikuwa yaleyale mawili.

Kwa wanaoandika katiba ya chama cha namna hii hapa kwetu, ningependekeza hivi: urais uzunguke, ila ukatibu uwe wa miaka isiyopungua mitatu, wawe wawili, na wasimalize muhula pamoja. Taarifa ya mkutano itoke kabla ya mkutano unaofuata. Azimio lolote liandikwe pamoja na jina la atakayelitekeleza.

Hata hivyo, kazi ya kujitolea ina kikomo. Chama kilipata nguvu mpya pale fedha za Carnegie, yaani mifuko ya hisani ya tajiri Andrew Carnegie, zilipoingia. Kwa ufadhili huo Sir Henry Miers, mtaalamu wa madini, alitoa uchunguzi wake wa makumbusho za Uingereza mwaka 1928, na mwaka 1932 yeye na S. F. Markham wakatoa ripoti juu ya makumbusho za Afrika iliyokuwa chini ya Waingereza. Anayefuatilia historia ya makumbusho zetu za Afrika Mashariki aitafute ripoti hiyo, na aisome akikumbuka iliandikwa kwa macho ya nani.