Jino moja mbele: nilivyopunguza mafuta ya pikipiki kati ya Muheza na Tanga

Ninaishi Muheza na ninafundisha Tanga mjini. Ni kama kilomita 35 za lami kwenda, na kiasi hichohicho kurudi, siku zote za kazi. Petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, safari hii ikaanza kugusa fedha ya ada. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ikitangaza bei kikomo, nilikuwa napiga hesabu upya. Kuhama sikuweza, kupanda daladala kulinichelewesha kipindi cha kwanza. Kilichobaki ni kuifanya pikipiki yenyewe ile kidogo.

Pikipiki yangu ni ya cc 150, gia tano. Ilitoka dukani na sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, ya meno 14 mbele na 42 nyuma. Mpangilio huo unafaa mizigo na milima, na ndiyo maana wanaobeba magunia wanaupenda. Lakini mimi njiani, kutoka Mkanyageni hadi Pongwe, nipo peke yangu na mkoba wa madaftari. Nikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, gia ya tano, injini inalia na mkono wa mafuta sijaukunja hata nusu. Mguu wa kushoto ulikuwa unatafuta gia ya sita ambayo haipo. Hiyo ndiyo dalili ya kuiangalia kabla ya kununua chochote: je, ukiwa kwenye mwendo wako wa kawaida, injini ina nguvu ya akiba? Kama tayari umekunja mafuta karibu yote ili kushika mwendo huo, acha sproketi zako zilivyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya meno ya nyuma kwa ya mbele: 42 kwa 14 ni 3. Ukiweka 15 mbele, inakuwa 2.8. Maana yake, kila gurudumu likizunguka mara 100, sproketi ya mbele ambayo zamani ilizunguka mara 300 sasa inazunguka 280. Kwa mwendo uleule, injini imepunguziwa karibu asilimia 7 ya mizunguko. Kila mzunguko una gharama yake ya msuguano wa pistoni na ringi. Tena mkono wa mafuta ukiwa umekunjwa kidogo tu, mlango wa kabureta unabaki umebana na injini inapoteza nguvu kwa kunyonya hewa kwenye tundu jembamba. Ukipunguza mizunguko, inabidi ukunje zaidi kidogo, mlango unafunguka, na nguvu hiyo iliyokuwa ikipotea inakwenda kwenye gurudumu.

Kuongeza jino moja mbele ni karibu sawa na kupunguza meno matatu nyuma, na sproketi ya mbele ina bei ndogo kuliko ya nyuma. Niliyoinunua haikuzidi bei ya lita tatu za petroli. Nikaanzia hapo.

Kabla ya kufungua nati hata moja, nilipima. Hapa naomba msomaji anielewe vizuri, kwa sababu wengi vijiweni wanasema "yangu siku hizi inabana mafuta" bila kipimo. Kwanza nilisafisha chujio la hewa, nikabadili plagi, nikajaza upepo wa kutosha kwenye matairi, nikahakikisha breki hazishiki gurudumu likizunguka. Ukiyafanya hayo siku moja na kubadili sproketi, hutajua kilichokusaidia ni kipi. Halafu nikawa najaza tanki hadi alama ileile shingoni, pampu ileile, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Nilihesabu safari nzima, kwenda na kurudi, maana upepo unaokukabili asubuhi ndio unaokusukuma jioni. Na vipimo vyote nilivifanya kusi ikivuma. Ukilinganisha mafuta ya wakati wa kusi na ya kaskazi, unapima upepo.

Mita nayo iangalie. Kwenye yangu kebo inatoka gurudumu la mbele, kwa hiyo kubadili sproketi hakuigusi. Kuna pikipiki ambazo mita inasoma kutoka kwenye gia boksi. Hizo ukibadili meno, kilomita zinazoonyeshwa si za kweli tena. Kujua yako ni ipi, iweke kwenye stendi kubwa, tia gia, gurudumu la nyuma lizunguke. Mshale ukipanda, mita yako haisomi gurudumu la mbele, na huenda ni ya gia boksi.

Fundi wangu hakulipenda wazo hili. "Mwalimu, mlima wa Amani utakulaza njiani," alinionya. Alikuwa na haki ya kuonya, nitaeleza. Kazi yenyewe ilikuwa fupi: kufungua kava, kulegeza ekseli ya nyuma, kutoa boliti mbili za kibati kinachozuia sproketi isitoke, kupachika ya meno 15. Cheni yangu ya saizi 428 ilitosha bila kuongezwa, gurudumu likasogea mbele kama milimita 3. Tulizungusha kwa mkono tuone kama cheni inagusa kava, maana sproketi imekuwa kubwa. Haikugusa. Tukaacha ulegevu wa sentimita mbili na nusu hivi.

Zamani nilikuwa nazungukia kilomita 41 kwa lita. Baada ya jino hilo nikafika 44, na ikabaki hapo. Kwa kilomita zangu 70 za siku, sproketi ilijilipa ndani ya mwezi mmoja na siku chache za kazi. Lakini faida hiyo nimeipata kwa mwendo uleule wa 60. Aliyebadili kisha akaanza kukimbia 80 kwa sababu injini imetulia, upepo utamla faida yote na zaidi.

Nilitaka kujua mwisho uko wapi, nikaomba sproketi ya nyuma ya meno 38 iliyotumika. Fundi akaipunguza cheni yake moja kuukuu pingili mbili, tukafunga. Sasa uwiano ni 2.53. Siku za upepo gia ya tano haikushika, nikawa naishi kwenye ya nne, injini ikigonga kila nilipolazimisha. Mafuta hayakupungua zaidi ya pale jino moja lilipokuwa limefika. Kuondoka na abiria kulihitaji kuibana klachi muda mrefu, na klachi ikiungua, akiba ya mwaka inakwenda. Nikarudisha 42.

Kuhusu Amani: ndiko ukweni, na tunapanda mimi na mke wangu. Ukishapita Bombani barabara inaanza kupanda, na kona ambazo zamani nilizimaliza kwa gia ya pili sasa nyingine zinadai ya kwanza. Inapanda, ila polepole, na siilazimishi. Huko ninakwenda mara chache, nami nimelikubali hilo. Anayepanda kila siku, au bodaboda anayebeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na viroba vya machungwa, asiniige. Kwake yeye 14 mbele ndiyo sahihi, na injini yake itamshukuru.

Seti niliyonayo meno yameanza kuchongoka. Nitanunua 15 na 42 tena, pamoja na cheni mpya, vyote vitatu kwa mara moja, kwa sababu cheni kuukuu inamaliza sproketi mpya haraka.