Sauti ya Nne

Desemba ya 2011 bendera za miaka 50 ya Uhuru zilikuwa bado hazijashushwa mvua ilipoanza. Ilinyesha Jumanne tarehe 20, ikanyesha Jumatano, na Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam, ambao siku nyingine ni maji meusi tu tunayoyapita Jangwani bila kuyatazama, ukafurika hadi watu wakapanda juu ya mapaa. Barabara ya Morogoro ikafungwa pale bondeni. Takriban watu 40 walipoteza maisha.

Mimi nilikuwa nawaza wimbo. Nilikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika wetu wa Kilutheri, Magomeni, na Krismasi mwaka ule iliangukia Jumapili. Tulikuwa na wimbo mmoja mgumu tuliouanza mazoezi tangu Oktoba. Ijumaa jioni waimbaji 11 tu ndio waliofika, na sauti ya nne, ile besi ya chini kabisa, haikuwa na mtu hata mmoja. Vijana watatu wa sauti hiyo niliwaelewa, kwao kulijaa maji. Lakini nguzo yao alikuwa mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, ambaye nyumba yake ilikuwa mbali kabisa na bonde. Huyo nilimkasirikia. Niliona anamnyima Mungu ibada aliyomwahidi.

Nikaambiwa yuko shule ya msingi walikohifadhiwa waliokimbia mafuriko. Jumamosi asubuhi nikamfuata, maneno nimeshayapanga.

Nilimsikia kabla sijamwona. Sauti ya nne ikiimbwa peke yake, asiyeujua wimbo hawezi kuutambua: inashuka, inakaa hapohapo muda mrefu, inapanda kidogo, inarudi. Mimi niliitambua. Ilikuwa inatokea vyooni.

Vilikuwa vyoo vya watoto wa shule, na sasa vinatumiwa na mamia ya watu, wazee na wagonjwa wa tumbo wakiwemo. Mzee alikuwa amekunja suruali hadi magotini, fagio la chelewa mkononi. Alikuwa amezibua bomba moja, la pili lilikuwa bado.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Bwana Yesu asifiwe. Ndoo ile pale."

Niliichukua. Sikumwambia hata neno moja katika yale niliyoyapanga. Nikamwaga maji, nikasugua, nikatoka haraka kwa sababu ya harufu, nikaingia choo cha pili. Nilipogeuka nikamwona amerudi kwenye kile cha kwanza, ameinama kwenye kona.

"Mwalimu," akasema, bila ukali wowote, "mtu mmoja akiacha noti moja, wewe unasimamisha kwaya nzima. Tunarudia hata mara kumi kwa sababu unasema tunamwimbia Mungu. Hapa pia ni kwake. Kona hii umeiruka."

Nikarudi kuisugua. Nililia humo ndani, na sioni haya kuandika hivyo. Warumi 12 nilikuwa nimeifundisha mwenyewe kwenye semina ya vijana, pale Paulo anapotusihi tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai na kusema hiyo ndiyo ibada. Nilikuwa nimeeleza dhabihu ni nini kwa nusu saa nzima. Miili sikuigusia.

Adhuhuri akina mama walikuwa wakipakua wali na maharage kutoka kwenye masufuria makubwa yaliyoletwa kutoka msikiti wa jirani, pamoja na majamvi ya kulalia. Tulikula pamoja, mzee na mimi, tumeegemea ukuta wa darasa la pili. Aliniuliza kama tutaimba kesho. Nikamwambia sijui. Akasema, "Tuimbe. Ila waambie waje na fagio."

Nikapiga simu moja baada ya nyingine mpaka salio likaisha. Jioni ile walikuja waimbaji 19, na watatu wale wa sauti ya nne tuliwakuta palepale shuleni, wanalala darasa la tano. Tulifanya mazoezi uani tukiwa na ndoo mikononi. Ule wimbo mgumu tuliuacha. Jumapili tuliimba wa zamani ambao kila mtu anaujua, na ibada ilipokwisha tukavua majoho, tukayakunja, tukashuka tena shuleni. Mzee alitangulia. Bomba la pili lilikuwa bado limeziba.