Nilihamisha data ya kampuni mara saba ili ihame mara moja

Nianze na yule mshauri, maana bado kanikaa rohoni. Alikuja na laptopu ya kung'aa, akachora ubaoni mapipa mawili na mshale katikati, akasema, "Data iko hapa, mnaitaka pale, programu inamaliza. Wikendi moja." Mkurugenzi akatabasamu. Mimi ndiye niliyekuwa nikeshe hiyo wikendi, na mimi nikatabasamu, kwa ujinga tu.

Sisi tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla. Leja na ankara za miaka 11 zilikuwa kwenye programu ya uhasibu ya zamani ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena. Bei za wateja maalumu zilikuwa kwenye Excel, na stoo nao walikuwa na faili lao ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa ila mzee wa stoo mwenyewe. Vyote vilitakiwa viingie kwenye mfumo mmoja mpya unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Wateja kama 6,000, bidhaa 9,000 na ushee, mistari ya ankara karibu milioni moja na nusu.

Tulinunua ile programu ya mishale aliyoipendekeza mshauri. Unaweka jedwali la zamani kushoto, jipya kulia, unavuta mstari kutoka jina la safu hadi jina la safu, unabonyeza. Ada yake ilikula kama mshahara wangu wa mwezi mmoja, au zaidi kidogo, sitaki kukumbuka. Nikavuta mistari siku nne, Ijumaa usiku nikabonyeza, Jumamosi alfajiri skrini ikaandika kwa kijani: imekamilika, asilimia 100. Nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Jumatatu mzee wa stoo akaniita. "Mwanangu, hii kompyuta yako inasema nina misumari lita 260."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Misumari yetu ilikuwa na namba 00417, rangi ya mafuta ilikuwa na namba 417. Kabla ya kuingiza faili la bidhaa nilikuwa nimelifungua kwenye Excel ili "nitupie jicho tu", nikalihifadhi. Excel ikiona 00417 inadhani ni hesabu, inatupa sifuri za mbele. Kwa hiyo misumari ikawa 417, mfumo mpya ukakuta 417 mbili, ukaona huyu ni mtu mmoja, ukawaoza. Kulikuwa na ndoa za namna hiyo zaidi ya 80. Na namba za simu zenye tarakimu 12 zilikuwa zimegeuka vitu kama 4.47912E+11, na kwa kuwa faili la CSV (la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) huhifadhi kile kinachoonekana kwenye skrini, tarakimu za mwisho zilikuwa zimekwenda na maji. Tarehe usiseme. Mfumo wa zamani ulianza na siku, Excel yangu ilitegemea mwezi uanze, kwa hiyo tarehe 3 Aprili ikawa 4 Machi bila hata kukohoa. Zile za kuanzia tarehe 13, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, ndizo zilizobaki kama maandishi, na ndizo zilizonishtua. Kama ankara zetu zote zingekuwa za siku 12 za kwanza za mwezi, nisingejua mpaka leo.

Programu ya mishale haikukosea. Ilihamisha kwa uaminifu takataka niliyoipa. Lakini ile asilimia 100 ya kijani ilikuwa inahesabu mistari iliyopita, haikuwa inahesabu ukweli, na hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza mshauri. Nikarudisha bekapu, nikamwambia mkurugenzi nataka miezi mitatu. Alinipa miwili na kununa kwingi.

Nilichofanya baadaye kinaonekana cha kizamani. Niliandika skripti, yaani maagizo ya kompyuta, kwa Python (lugha ya programu) na SQL (lugha ya hifadhidata), ambazo zinafuta kila kitu kwenye hifadhidata ya majaribio na kuanza upya kutoka kwenye mafaili ghafi, bila mkono wa mtu kugusa chochote katikati. Kosa likionekana, silirekebishi kwenye data. Nalirekebisha kwenye skripti, nafuta yote, naanza tena. Kila mzunguko wa kuhamisha ndio ninaouita zoezi, na ule wa mishale nauhesabu wa kwanza. Watu waliniona kichaa. Dada mmoja wa mauzo aliniuliza kwa nini nisisahihishe tu wale wateja watano kwa mkono kwenye mfumo mpya, ni dakika mbili. Ni dakika mbili kweli, ila zoezi linalofuata wanarudi walivyokuwa, na siku ya kuhama yenyewe utakuwa umesahau ni watano gani.

Na kila kitu kiingie kwanza kama maandishi. Kila safu, hata pesa, hata tarehe. Unakipokea kwenye majedwali ya mapokezi kama kilivyo, ndipo SQL inakigeuza kuwa namba au tarehe kwa kanuni uliyoiandika wewe, na kinachokataa kugeuka kinaangukia kwenye jedwali la pembeni. Hilo la pembeni mimi nililiita jela. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda kuwaona wafungwa.

Zoezi la pili likanifundisha adabu. Wateja wetu wote wa Namibia walipoteza nchi. Nchi nyingine zote zipo, Namibia hakuna. Nilizunguka siku nzima nikidhani ni hitilafu ya jedwali la nchi, kumbe msimbo wa Namibia ni NA, na pandas, ile maktaba ya Python niliyosomea mafaili, ikikuta NA inaielewa kuwa "hakuna kitu". Tiba ni maneno machache, unaiambia keep_default_na=False na dtype=str, yaani NA iiache kama ilivyo na kila kitu ikisome kama maandishi, basi. Lakini siku yangu hairudi.

Zoezi hilohilo, jumla ya salio la wateja ikavimba vibaya. Mfumo wa zamani ulikuwa unaandika alama ya kutoa nyuma ya namba, 1,250.00- badala ya -1,250.00, na wote tuliowadai sisi... samahani, wote waliotudai sisi, walikuwa wamejaa jela. Hao niliwatoa siku hiyohiyo.

Majina ya wateja niliyasafisha kwa OpenRefine, programu ya kusafisha data, na hapa naisifia bila kulipwa, maana yenyewe ni ya bure. Ina njia ya kukusanya majina yanayofanana: inageuza herufi kubwa kuwa ndogo, inaondoa alama za uandishi, inagawa jina kuwa maneno, inayapanga kwa alfabeti, inatupa yaliyojirudia, halafu inalinganisha. "Mteja Mpya Ltd." na "LTD, mteja mpya" wanakuwa kitu kimoja. Ilinionyesha mamia ya waliojirudia kwa mchana mmoja. Lakini usibonyeze "unganisha vyote" ukaenda kunywa chai. Kwa kuwa inapanga maneno upya, ilikuwa tayari kumuunganisha baba na mwanawe ambao majina yao ni yaleyale mawili yaliyopinduliwa, na mwana ndiye mwenye deni. Nilipitia kundi kwa kundi pamoja na mama mhasibu, ambaye anawajua wateja mpaka magomvi yao.

La tatu lilichukua saa tisa kwa sababu nilikuwa naingiza mstari mmoja mmoja kama mtu anayechota bahari kwa kijiko. Nilipohamia kwenye amri ya COPY ya PostgreSQL, inayoingiza mistari kwa mkupuo, yale majedwali makubwa yakaingia kwa dakika chache.

Sasa la nne. Hili nalisimulia kwa aibu. Kila kitu kiliingia vizuri, hata jela ilikuwa karibu tupu. Nikauwasha mfumo wa majaribio nione sura yake. Dakika kumi baadaye simu ya mapokezi ikaanza kulia, ikafuata ya mauzo, kisha ya mkurugenzi. Mfumo mpya ulikuwa na kazi ya kujiendesha inayotuma barua pepe za kukumbusha madeni, na kwa macho yake, ankara za miaka 11 zilizokuwa bado hazijaoanishwa na malipo zilikuwa madeni yote. Mteja wetu mkubwa kuliko wote alipokea barua 212, moja ya ankara aliyoilipa mwaka 2014. Niliandika barua ya kuomba radhi kwa mkono wangu, na jioni hiyo nikaongeza mstari ambao sasa hauondoki kwenye skripti zangu: katika zoezi, kila anwani ya barua pepe inageuzwa kuwa ya kwangu kabla mfumo haujawashwa. Na njia ya barua kutoka kwenye seva ya majaribio nikaifunga kabisa, maana sijiamini.

La tano na la sita tulikuwa tunabishana juu ya senti tatu. Idadi ya mistari ilikuwa sawa na jumla ya salio la kila mteja ilikuwa sawa, ila kodi ya mwezi mmoja ilipishana kwa senti tatu. Mkurugenzi akasema tuachane nazo, yeye atazitoa mfukoni. Mama mhasibu akavua miwani. "Baba, senti tatu inaweza kuwa makosa mawili makubwa yaliyokumbatiana." Akanilazimisha nitafute. Safari hii hayakuwa makubwa: mfumo wa zamani ulikadiria senti za kodi kwa kila mstari wa ankara, mpya unakadiria kwenye jumla. Tukaamua ankara za zamani ziingie na kodi yake kama ilivyoandikwa, zisikokotolewe upya. Lakini alikuwa na haki ya kung'ang'ania. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba visa 15,841 vya korona havikuwa vimeingia kwenye takwimu, kwa sababu data ilipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya aina ya .xls, ambayo yanaishia mstari wa 65,536. Hata Excel ya sasa inaishia 1,048,576, na mistari yetu ilikuwa zaidi ya hapo. Hesabu mistari pande zote mbili, hata ukiona ni utoto.

La saba ndilo lenyewe. Ijumaa saa kumi na mbili jioni tukaufunga mfumo wa zamani usiandikwe tena, tukabaki na ruhusa ya kusoma tu. Skripti ikaanza. Yote ilikuwa ndani ya muamala mmoja, kwa hiyo kosa lolote likitokea katikati, hifadhidata inarudi ilivyokuwa kana kwamba hatukuja kazini. Dakika 38. Mama mhasibu alikuwa amechapisha urari kutoka mfumo wa zamani, akaulinganisha mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu ambayo hakuitumia. Saa tatu usiku tulikuwa nyumbani. Wikendi moja, kama alivyosema mshauri, na bado ikabaki Jumamosi na Jumapili.

Mfumo wa zamani tuliuacha wazi kwa kusoma tu. Mwezi wa kwanza tuliufungua karibu kila siku, kufikia wa nne ni mimi tu niliyekuwa nakumbuka nywila. Mzee wa stoo hajanisamehe. Kila nikipita ananiuliza misumari leo ni shilingi ngapi kwa lita.