Mtumishi wa umma akifariki, kazi yake hairithiwi: fuatilieni haya

Kwenye misiba ya watumishi huku kwetu, kuanzia Mikindani mpaka Liwale, swali moja huulizwa hata kabla ya tanga kuondolewa: "Mtoto wake mkubwa si ataingizwa pale pale kwenye nafasi ya baba yake?" Jibu ni hapana. Utumishi wa umma Tanzania hauna ajira ya kurithi. Nafasi iliyoachwa na marehemu hurudi serikalini, na ikitangazwa, hutangazwa kwa watu wote kupitia Sekretarieti ya Ajira. Mtoto wa marehemu huomba kwa vyeti vyake na kufanya usaili kama wengine.

Wazo hili halikuzuka hewani, maana zipo nchi zenye utaratibu huo. India ndiyo mfano unaotajwa sana: mke, mume au mtoto wa mtumishi wa serikali kuu aliyefariki kazini anaweza kuajiriwa bila ushindani wa kawaida, katika nafasi za kada ya chini, na nafasi hizo zina kikomo cha asilimia 5 ya zile zinazojazwa kwa ajira mpya. Hata huko si haki ya moja kwa moja. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema mwaka 1994 kwamba lengo ni kuinusuru familia iliyoachwa bila riziki, si kuigawia cheo. Huo ni utaratibu wao, na kwenye ofisi ya halmashauri ya Newala au Nachingwea hauna nguvu yoyote.

Ninalisisitiza hili kwa sababu imani hiyo inazigharimu familia mara mbili. Kwanza, hujitokeza mtu anayedai ana jamaa wizarani, akaomba "hela ya kusukuma faili" ili kijana apate nafasi ya baba yake. Huyo ni tapeli, na mahali pa kumripoti ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Pili, miezi inapita watu wakisubiri ajira ambayo haipo, huku haki ambazo zipo kweli zikikosa mtu wa kuzifuatilia.

Anzeni kwa mwajiri, siku ile ile ya kifo ikiwezekana. Afisa Utumishi apewe taarifa kwa maandishi, nanyi mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, mwajiri hugharamia jeneza, sanda na kusafirisha mwili mpaka kwao marehemu, pamoja na kuirudisha familia na mizigo yake. Ila "kwao" ni pale alipopaandika mwenyewe kwenye jalada lake. Mwalimu aliyeandika Masasi miaka 20 iliyopita, kisha akajenga Ruangwa bila kubadilisha taarifa, anaiachia familia mabishano wakati wa msiba.

Taarifa hiyo ina kazi nyingine: inasimamisha mshahara. Kadi ya benki ya marehemu isitumike kutoa mishahara inayoendelea kuingia. Fedha hizo zitadaiwa, na aliyezitoa anaweza kujikuta kwenye kesi ya jinai. Mkiwa benki, ulizeni pia kuhusu mkopo. Mikopo mingi ya watumishi huwa na bima ambayo hulipa deni mkopaji akifariki, lakini benki inahitaji kuletewa cheti cha kifo. Familia nyingi zimebeba deni ambalo bima ilipaswa kulimaliza.

Cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa wilayani shughuli hii iko kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali huandikiwa taarifa ya kifo hapo hapo. Aliyefia nyumbani huanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo, ingawa wengi hukiweka kabatini wakidhani wamemaliza. Na kabla hamjaondoka dirishani, someni majina herufi kwa herufi mkilinganisha na barua yake ya ajira.

Kwa kweli majina ndiyo yanayokwamisha mafaili ya huku kusini kuliko kitu kingine chochote. Kijana wa Kimakonde, Kiyao au Kimwera anaweza kuzaliwa na jina moja, akatoka jandoni na jina lingine, akabatizwa au kusoma madrasa kwa la tatu, na cheti cha darasa la saba kikabeba lile alilopenda mwalimu wake. Kazini alikuwa Hamisi Saidi, cheti cha ndoa kinasema Hamisi Mchopa, vyeti vya watoto vinasema Saidi Hamisi. Kila mtu kijijini anajua ni yule yule, lakini karani wa mfuko wa mafao hajui. Kiapo mbele ya kamishna wa viapo husaidia tofauti ndogo, na tofauti kubwa huhitaji hati ya majina (deed poll) iliyosajiliwa. Mtumishi aliye hai anaimaliza shida hii mapema kwa gharama ndogo. Mjane wake ataitafutia mashahidi.

Baada ya cheti kinakuja kikao cha ukoo. Muhtasari wake uwe na tarehe, waliohudhuria na saini zao, orodha ya warithi wote, jina la anayependekezwa kusimamia mirathi, na mhuri wa mtendaji. Hapa panahitaji moyo wa haki. Kwa makabila yetu yanayofuata upande wa mama, mjomba ana heshima kubwa, na mara nyingi yeye au mtoto wa dada wa marehemu hupendekezwa. Sheria haimzuii, lakini msimamizi si mmiliki: anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi. Kikao kinachomruka mke wa pili, au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ambaye marehemu alikuwa akimtunza, kinazaa pingamizi mahakamani, na pingamizi linaweza kula mwaka mzima. Waandikeni wote, mahakama ndiyo itakayoamua nani anastahili nini.

Muhtasari huo na cheti cha kifo huambatanishwa na Fomu Na. I, ya kuomba usimamizi wa mirathi, katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu. Aliyefanya kazi Liwale lakini nyumbani kwake ni Tandahimba, fikirini vizuri kabla ya kufungua, kwa sababu shauri lililofunguliwa pasipo mamlaka huweza kufutwa na kuanza upya. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila. Mkristo ambaye maisha yake hayakuendeshwa kimila, mirathi yake huenda ngazi ya juu zaidi. Tangazo hutolewa, mwenye pingamizi husikilizwa, kisha msimamizi hupewa Fomu Na. IV, ya kuteuliwa kwake. Hiyo ndiyo karatasi itakayoulizwa kila dirisha, toeni nakala za kutosha na mzithibitishe.

Kuna jambo la kalenda ambalo wengi hawalioni. Eda ya mjane wa Kiislamu asiye mjamzito ni miezi 4 na siku 10, na watu, kwa heshima, husubiri atoke ndipo mambo yaanze. Zile siku 30 za kusajili kifo zimepita zamani. Eda haimzuii kaka yake wala mwanawe mkubwa kwenda kuchukua cheti, wala kikao kufanyika nyumbani alipo naye akatia saini. Mwacheni akae eda yake kwa utulivu, karatasi zitembee.

Mafao yenyewe yako PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ulioanza Agosti 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Wategemezi hulipwa kwa kuangalia michango na mshahara wa marehemu. Pelekeni barua ya mwajiri, hati za mshahara, barua ya ajira na ya cheo cha mwisho, cheti cha kifo, Fomu Na. IV, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na namba za akaunti za warithi. Kagueni taarifa ya michango mwezi kwa mwezi, hasa kwa mtu aliyehama halmashauri au aliyeanzia LAPF akaishia PSPF, maana mapengo hujificha hapo. Pengo hujazwa kwa mwajiri wa kipindi kile, na hati za zamani za mshahara ndizo ushahidi. Msizichome wakati wa kusafisha chumba cha marehemu.

Mjane asiye na cheti cha ndoa asikate tamaa. Ndoa iliyofungwa kihalali haibatiliki kwa kukosa kusajiliwa. Shehe aliyefungisha na mashahidi wanaweza kuithibitisha mahakamani.

Kama kifo kilitokana na kazi, mfano ajali ya gari akiwa safari ya kikazi, kuna haki nyingine kabisa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mbali na PSSSF. Mwajiri ndiye anayetoa taarifa, lakini familia isimwachie peke yake. Ombeni nakala ya taarifa hiyo na ripoti ya polisi, na msivuke miezi 12.

Fedha zikiingia, msimamizi bado ana deni kwa mahakama. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe anatakiwa awe amewasilisha Fomu Na. V yenye mali na madeni yote, na baada ya kugawa, hesabu kwenye Fomu Na. VI. Kila mrithi asaini alichopokea, na fungu la mtoto mdogo liwekwe kwenye akaunti yenye jina lake.