Shokomzoba mpya za Hilux yangu

Hilux yangu ya mwaka wa 1998 hubeba viazi kutoka Molo hadi Nakuru. Shokomzoba za nyuma, zile za kutuliza mdundo wa gari, zilikuwa zimevuja mafuta mpaka vumbi likagandia juu yake. Fundi akanishauri nifunge za gesi. Ndani bado mna mafuta, ila gesi yenyewe, naitrojeni, huyazuia kutoa povu yakipata moto kwenye barabara mbovu. Yakitoa povu, gari linadunda tu. Za mtumba, hata zikipakwa rangi vipi, sizitaki. Nilichukua mpya za chapa ya KYB, zote mbili za nyuma, maana mpya huku na kuukuu kule ni kujitafutia balaa kwenye kona. Na mzigo ukizidi, aulizwe springi, si shokomzoba. Bushi nazo, vile vipira vya kwenye maungio, nilibadilisha, zilikuwa zimepasukapasuka.